Punguza Vyumba, Usipunguze Uwanja: Vidokezo kwa Wazee wa Singida Wanaohamia Nyumba Ndogo

Makala haya ni yenu mliojenga nyumba za vyumba sita hadi vinane, iwe Mandewa au Utemini mjini Singida, iwe Kiomboi, Ikungi, Manyoni au kijijini kabisa. Mlizijaza watoto, wajukuu, wapwa na vijana wa ukoo waliokuja kusoma. Leo mnalala wawili, wengine mmoja. Milango minne imefungwa, vumbi la upepo wa Singida linapenya chini yake, mchwa wamepanda kwenye fremu, na kila Jumamosi lazima mtu afagie mahali asipokaa mtu.

Kuhamia nyumba ndogo kwetu bado kunatazamwa kama kufilisika. Jirani atauliza kulikoni, na mtoto aliyeko Mwanza ataona ameaibishwa. Mimi nasema nyumba ndogo iliyopangwa vizuri ni heshima kwa mzee, ila kwetu ina sharti lake: sisi tunaishi nje. Tembe za wazee wetu, zile nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, zilikuwa na vyumba vya giza vya kulala na kuhifadhia. Mazungumzo, mapishi, hukumu za ukoo na michezo ya watoto vilikuwa uwanjani. Ukiushika huo uwanja, vyumba unaweza kuvipunguza bila kupoteza mtu hata mmoja.

1. Hesabu vyumba unavyotumia

Kwa mwezi mzima angalia tu miguu yako inakwenda wapi. Wengi watakuta ni chumba cha kulala, jiko, choo, baraza na kiti kimoja sebuleni. Nyumba unayoihitaji ni hiyo, ukiongeza chumba kimoja cha mjukuu au msaidizi. Hicho cha ziada usikikate. Mzee akiumwa usiku anahitaji mtu wa kumwita, na mwenzi wako akiugua kwa muda mrefu, utafika wakati mmoja alale pembeni ili wote mpate usingizi.

2. Jibu swali la msiba mapema

Ndugu hawatakuuliza utaishije. Watauliza: msiba utakaa wapi? Ni swali la haki, na anayelipuuza ataona nyumba yake ndogo inasemwa vibaya kila anakokwenda. Harusi, Krismasi na Idi zina swali hilohilo.

Kumbuka basi msiba wa mwisho uliohudhuria, watu walikaa wapi. Wanaume walikuwa chini ya mti na kando ya moto, wafariji chini ya turubai, akina mama wa mapishi nyuma ya nyumba na masufuria yao. Ndani palikuwa na mfiwa na waliomzunguka, katika chumba kimoja au viwili vilivyoondolewa makochi. Hakuna aliyekaa chumba cha tano.

Kwa hiyo unapotafuta nyumba ndogo, pima kiwanja kwanza. Je, turubai mbili zitaenea? Kuna mahali pa mafiga ya nje pasipopeleka moshi madirishani? Gari litafika mlangoni, la wagonjwa au la kubebea jeneza? Kuna mti wa kivuli, au angalau nafasi ya kupanda mmoja leo? Nyumba ya vyumba viwili na sebule katika kiwanja kipana inafaa kuliko ya vyumba vitano iliyobanwa na kuta za majirani pande zote. Turubai na viti hukodishwa, au chama cha kuzikana cha mtaa wenu kina vyake. Wageni wa kulala watapokewa na majirani, kama ninyi mlivyopokea wa kwao miaka yote hii.

3. Tazama uani kabla ya kutazama mbali

Njia nyepesi kuliko zote ni kuhama bila kuondoka. Nyumba nyingi za mjini zina banda la uani la vyumba viwili au vitatu lililojengwa kwanza, familia ikaishi humo huku nyumba kubwa ikipanda taratibu. Likarabatiwe. Liwekewe dari, choo cha ndani, jiko dogo na baraza, kisha nyumba kubwa ipangishwe. Majirani ni walewale, na barabara ya kwenda ibadani unaijua hata gizani.

Singida mjini wapangaji wapo: walimu, wauguzi, watumishi wanaohamishiwa mkoani, wanafunzi wa kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Familia moja tulivu ni bora kwa mzee kuliko wanafunzi wanane, hata kama wanafunzi wanalipa zaidi. Andikeni mkataba, hata mpangaji akiwa mtoto wa rafiki yako. Mita ya LUKU itenganishwe mapema, maana ugomvi wa umeme huvunja ujirani haraka sana.

Kama banda la uani halipo, mwite fundi mzoefu aangalie iwapo nyumba inaweza kugawanywa. Mara nyingi ni kuziba mlango mmoja wa koridoni, kufungua mwingine upande wa nje, na kuongeza choo. Unabaki na theluthi moja ya nyumba yako, na theluthi mbili zinakulisha.

4. Kikao kwanza, dalali baadaye

Dalali akishajua kuwa nyumba inauzwa, mtaa mzima umejua. Kaa na mwenza wako, kisha watoto, kisha wale ndugu ambao wana neno katika ukoo. Watoto wa mbali waingie kwa simu. Sema wazi: mnahamia wapi, nyumba inauzwa au inapangishwa, fedha itafanya nini, na nani atakuwa karibu nanyi. Usiwaombe ruhusa ya kuishi maisha yako, lakini wasikie kutoka kinywani mwako. Mtoto aliyesikia kwa jirani kwamba nyumba alikokulia imeuzwa huchukua miaka kusamehe.

Kwa mwenza, jambo hili ni la sheria pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mama, hili lishike vizuri. Hata kama hujatajwa kwenye hati, nyumba mnayoishi haiwezi kuuzwa kihalali nyuma ya mgongo wako. Na mnunuzi mwenye akili atadai saini yako kabla ya kutoa hata shilingi.

Mjane au mgane ambaye mirathi ya mwenzake haijafunguliwa mahakamani asikimbilie kuuza. Afungue mirathi kwanza, msimamizi ateuliwe, ndipo mengine yafuate.

5. Zungumza habari za makaburi

Hapa ndipo mioyo huumia, na makala nyingi za kuhama hupita pembeni. Kwetu, vijijini hasa, tunazika nyumbani. Baba yuko nyuma ya ghala, dada aliyefariki mdogo yuko chini ya mkwaju, na pengine mwenza wako uliyeishi naye miaka 40 yuko pale unapopaona kutoka dirishani. Nyumba unaweza kuiacha. Hao utawaachaje?

Ushauri wangu ni kwamba eneo la makaburi lisiuzwe kabisa. Likatwe liwe sehemu yake, lipimwe, liwe na njia ya kufikia isiyopita sebuleni kwa mtu, na libaki kwa jina la familia. Kama ni lazima kuuza eneo lote, mkataba utaje makaburi yaliyopo, mahali yalipo, na haki ya ukoo kuyatembelea na kuyatunza. Ahadi ya mdomo ya mnunuzi huishia siku anapouza kwa mwingine.

Na wewe mwenyewe useme unataka kuzikwa wapi. Ukihama bila kulisema, siku hiyo itakuwa na vikao viwili vinavyogombana, kimoja mjini na kimoja kijijini. Liandike kwenye wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hupokea na kuhifadhi wosia, na wakili yeyote atakusaidia kuuandaa.

6. Karatasi kabla ya fundi

Ardhi ya mjini yenye hati au barua ya toleo huhamishwa kupitia ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji lazima iridhie kabla hujamkabidhi mtu mwingine. Kama eneo lako la kijijini halina hatimiliki ya kimila, anza kuiomba sasa, wakati majirani wanaoijua mipaka yako bado wako hai. Mzee mwenzako aliyeshuhudia baba yako akipanda mnyaa wa mpakani ni shahidi ambaye hutampata tena.

Pita TRA kabla ya kusaini mauziano. Kuna kodi katika faida ya kuuza nyumba, na kuna nafuu kwa anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi, pale faida isipovuka kiwango kilichowekwa. Uliza pia kuhusu kodi ya majengo, ile ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa unaponunua umeme. Mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na kipato ana msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Msamaha huo haukujii nyumbani, lazima uuombe.

Vyeti viwekwe katika mfuko mmoja usiopitisha maji: kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati, kadi ya bima, na barua zote za ajira na kustaafu. Mfuko huo uwe mkononi mwako siku ya kuhama, usipande kwenye lori. Ukifariki, mwenza wako atahitaji karibu kila karatasi iliyomo kufuata haki zake PSSSF au NSSF.

7. Chagua mahali kwa miguu ya miaka 80

Una miaka 65 na unaendesha baiskeli hadi mnadani, Mungu akuzidishie. Nyumba hii unaitafutia mtu mwingine, ambaye ni wewe wa miaka 15 ijayo. Zahanati iko umbali gani kwa kutembea polepole? Duka la unga na dawa je? Msikiti au kanisa? Wana jumuiya na wenzako wa kikoba wanaweza kukufikia bila nauli?

Singida ina mawe. Yale mawe makubwa ya kuvutia macho humaanisha vijia vya kupanda na kushuka, na mashimo ya choo yanayogoma kuchimbwa. Chagua tambarare. Msimu wa mvua pita njia hiyo mwenyewe uone kama pikipiki hupita, kwa sababu hiyo pikipiki ndiyo itakayokupeleka kliniki ya presha.

Kuhusu hospitali, pima kwa hali yako. Mwenye kisukari, presha au moyo asijiweke mbali na huduma anayoitegemea: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kwa walioko mjini, Makiungu kwa watu wa Ikungi, Mtakatifu Gaspar kwa walioko Itigi, Iambi kwa wa Mkalama, ambao wengine huvuka mkoa hadi Haydom. Mtumishi mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, kwa hiyo hakikisha kituo cha karibu na nyumba mpya kinapokea kadi yako.

8. Choo kiwe hatua kumi kutoka kitandani

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu katika nyumba ya mzee, nitachagua choo. Mzee si lazima avunjike nyonga shambani. Anaweza kuvunjika usiku, akienda msalani, gizani, juu ya sakafu yenye maji.

Choo kiwe ndani, kiwe cha kukaa, na mlango wake ufunguke kwa nje. Mtu akianguka akauegemea mlango unaofunguka kwa ndani, hakuna wa kumfikia upesi. Milango yote iwe na upana wa futi tatu ili kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika. Fundi wa kuchomelea akukatie bomba la chuma, alifunge ukutani kando ya choo na lingine bafuni. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kumkimbiza mgonjwa Dodoma. Sakafu isiwe ya vigae vinavyong'aa. Saruji iliyoachwa na mkwaruzo kidogo inatosha na haitelezi. Kizingiti kisiwepo. Swichi ya taa iwe karibu na kichwa cha kitanda, na taa moja ya sola ibaki tayari kwa umeme ukikatika.

9. Paa dogo hukinga maji kidogo

Hili husahaulika. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa miezi mingi. Ulipokuwa na bati la nyumba ya vyumba saba, ulivuna maji mengi hata bila kupiga hesabu. Sasa piga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, katika msimu wa milimita 600, hupokea lita 36,000, na sehemu yake itapotea kwa kuchuruzika na kukauka. Paa la mara tatu ya hapo lingekupa mara tatu.

Kwa hiyo fedha uliyoiokoa kwenye vyumba weka kwenye mifereji mizuri ya bati na tanki kubwa. Tanki la lita 5,000 kwa watu wawili wanaotumia lita 40 kwa siku linakwenda miezi minne. Maji ya mvua ni mazuri pia kwa kunywa, yakikingwa kwa usafi na kuchemshwa, kwa kuwa visima vya maeneo kadhaa ya mkoa wetu vina floridi nyingi inayodhuru meno na mifupa ya wajukuu.

Upepo nao una neno lake. Kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki. Baraza la mzee likae upande uliokingwa, la sivyo utajenga kibaraza kizuri usichokaa. Juni na Julai mifupa itakukumbusha kwa nini dari ni muhimu.

10. Gawa kwa mkono wako

Vitu ndivyo vinavyochelewesha watu kuhama kuliko fedha. Kabati la vyombo vya wageni ambavyo havijaguswa tangu send-off ya binti wa pili. Magodoro manane. Masanduku ya bati. Cherehani. Baiskeli mbili, moja haina cheni. Redio iliyokufa ambayo baba wa watoto alisikilizia matangazo ya vita vya Kagera. Vitambaa vya makochi ulivyofuma mwenyewe. Kinu na mchi. Vyungu. Na kama wewe ni Mnyiramba au Mnyaturu wa kizazi kile, pengine kilindo cha magome cha kuhifadhia nafaka, ambacho leo wengi hawajui hata kukitengeneza.

Anza miezi sita kabla, chumba kimoja kwa wakati, na anza na kile kisicho na kumbukumbu: stoo ya mbao, mabati chakavu, ndoo zilizopasuka. Chumba cha picha na nguo za marehemu kiwe cha mwisho. Ukianza nacho utakaa chini ulie, na kazi itaishia hapo.

Vitu vya thamani ya moyo wagawie watoto ukiwa hai na mbele ya wote. Mwambie binti: cherehani hii ni yako, ndiyo iliyokulipia ada. Hapo cherehani inakuwa na historia, na hakuna wa kuigombea siku ya matanga. Andika kwenye daftari nani kapewa nini. Kuna familia nimeona zikikosana kwa ajili ya kitanda cha mninga, na kilichokosekana ni sentensi moja ya mama yao.

Kilindo, jiwe la kusagia, ngoma na vifaa vingine vya kale msivichome wala kuwauzia wapita njia kwa bei ya soda. Kama hakuna mtoto anayevitaka, shule ya kata inaweza kuvitunza ili wanafunzi waone walivyoishi mabibi zao. Nguo na magodoro mazima kuna wanaoyahitaji; kanisa na msikiti wanawajua. Vingine viuze, na usione haya kuuza.

Nyumba mpya ibaki na kitanda kizuri, viti vya mbao vyenye mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka, meza, kabati moja na picha zako. Kochi lile la chini linalomeza mtu liende kwa vijana.

11. Kuku njooni, ng'ombe tuzungumze

Mzee wa Singida bila kuku ni nani? Banda la kuku wa kienyeji kumi au kumi na watano linakutosha: mboga ya mgeni, mayai, fedha ya dawa. Lijenge mbali kidogo na dirisha la chumba chako, lakini mahali unapopasikia usiku.

Ng'ombe ni habari nyingine. Kuwaswaga umbali mrefu kutafuta maji Septemba si kazi ya miaka 70, na kiwanja kidogo hakina zizi. Waweke kwa mtoto au ndugu anayeaminika kwa makubaliano yaliyoandikwa: wangapi, maziwa ya nani, ndama wa nani, akifa mmoja nani anaambiwa. Wengine wauze, fedha iingie kwenye tanki na dari. Shamba la alizeti unaweza kulikodisha kwa msimu, ukabaki na robo eka ya mboga karibu na nyumba, kwa kuwa mikono iliyozoea jembe ikikaa bure mwili nao hudhoofika.

12. Hama kati ya Mei na Agosti

Mavuno yameingia, barabara zimekauka, lori halitazama. Wanunuzi wa nyumba pia wana fedha baada ya kuuza alizeti na vitunguu, na vijana wa likizo ya Juni watabeba mizigo. Ukihama Januari utahamisha magodoro kwenye tope, katika miezi ambayo kila nyumba inatafuta ada na pembejeo.

13. Kwa mtoto Dar es Salaam, nenda kwanza ukatembee

Watoto wakisema "njoo ukae nasi," wanasema kwa upendo. Nenda, lakini usiuze. Kaa miezi mitatu, na angalau mmoja uwe wa joto kali. Angalia kama kuna mtu nyumbani mchana, au wote wanaondoka alfajiri wakakuachia televisheni na geti lililofungwa. Angalia kama una mtu wa kusema naye kwa lugha yako. Dar es Salaam ni karibu kilomita 700 kutoka Singida, na ukiusikia moyo ukitamani nyumbani hutarudi kwa miguu. Ikikufaa, hamia kwa amani. Isipokufaa, chumba chako bado kipo.

Neno kwa watoto: kumjengea mama nyumba ndogo karibu na dada yenu aliyebaki Singida kunaweza kumsaidia kuliko chumba chenye kiyoyozi Mbezi.

14. Makazi ya wazee si mlango wa nyuma wa familia

Mkoani kwetu, wilaya ya Manyoni, serikali ina makazi ya wazee ya Sukamahela. Yapo kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza, na ni jambo jema kwamba yapo. Mwenye watoto wanane wazima asipelekwe huko kwa sababu hakuna aliyetaka kutoa chumba. Ukienda Sukamahela, nenda na sabuni, sukari na muda wa kuongea.

15. Wewe ambaye hujastaafu, hili ni lako

Umri wa kustaafu utumishi wa umma ni miaka 60, au 55 kwa hiari. Kila mwaka walimu, wauguzi na makarani hupokea mkupuo wao, na wengi huupeleka wote kwenye nyumba. Msingi mkubwa, kuta zinapanda, mkupuo unaisha kabla ya bati. Halafu mzee wa miaka 63 anaishi katika chumba kimoja kilichokamilika cha jengo la vyumba saba, anamega pensheni ya mwezi ili kununua saruji, na dirisha la sebule limezibwa kwa tofali. Nyumba za aina hii ziko katika kila kata ya manispaa yetu. Zimejengwa na watu wenye bidii, kwa ajili ya watoto ambao tayari wana nyumba zao Arusha na Dodoma.

Kama una miaka 57 na ramani yako bado ina vyumba saba, mwite fundi kesho. Mwambie apunguze hadi vitatu, choo kiingie ndani, na baraza litazame uwanja. Fedha itakayobaki usiiguse hadi tanki la maji liwe limesimama na bati la mwisho limepigwa msumari.